Ndani ya chumba cha daktari: namna ya kueleza ugonjwa ukaeleweka

Mwaka 1975, nchini Uingereza, wagonjwa wapya 80 wa kliniki ya nje walifuatiliwa ili ijulikane ni kitu gani hasa humfikisha daktari kwenye ugonjwa. Kwa 66 kati yao, ugonjwa uliothibitishwa mwishoni ulikuwa ule ule ambao daktari alikwisha kuufikia kwa kusoma barua ya rufaa na kusikiliza maelezo, kabla ya kumgusa mgonjwa wala kumtoa damu. Kupima mwili kulibadili uamuzi kwa watu 7, na maabara kwa 7 wengine. Vipimo vya leo ni bora kuliko vya wakati ule, lakini maabara bado hupima kile tu kilichoandikwa kwenye fomu, na kinachoandikwa kwenye fomu hutokana na maneno yako. Anayeingia na kusema "nipimeni kila kitu" ataondoka na risiti ndefu na pengine bila jibu.

Mwongozo huu ni wa mtu anayekwenda zahanati, kituo cha afya au hospitali hapa Tanzania, awe anamwona tabibu au daktari bingwa. Karibu na mwisho kuna maneno machache kwa wanaokaa upande wa pili wa meza.

Kabla ya yote: haya hayasubiri foleni

Kifua kinachobana kwa uzito huku jasho la baridi likitoka. Uso uliopinda, mkono uliokosa nguvu au ulimi uliokuwa mzito ghafla. Mjamzito anayetokwa na damu, au anayeumwa kichwa kikali na kuona maruweruwe. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila anachopewa, aliyeshikwa na degedege, au aliyelegea na haamki vizuri. Ukiwa na mojawapo, iseme mapokezi kabla ya jina na kabla ya kadi ya bima. Usiseme "ana homa" kisha ukaenda kukaa kwenye benchi.

Hatua ya 1: Jiandae ukiwa nyumbani

Andika kwenye karatasi mambo unayotaka yashughulikiwe, yasizidi matatu, na la kwanza liwe lile linalokutia hofu zaidi. Kando ya kila moja weka lilianza lini. "Siku nyingi" haisaidii. Kwa mtu mmoja ni siku nne, kwa mwingine ni miezi minane. Kama hukumbuki tarehe, shikiza kwenye jambo: tangu wiki ya kwanza ya Ramadhani, tangu tulipopanda mahindi, tangu shule zifunguliwe.

Weka dawa zote unazotumia kwenye mfuko mmoja pamoja na maboksi yake, au zipige picha kwa simu majina na miligramu zikionekana. "Ile dawa nyeupe ya presha" haimwelezi mtu chochote, kwa kuwa vidonge vyeupe vya presha ni vingi, na amlodipini peke yake ipo ya miligramu 5 na ya 10.

Kuna kosa moja linalojirudia kila siku ya kliniki. Mtu wa presha huacha kumeza dawa asubuhi ile "ili kipimo kitoe ukweli". Presha inasoma juu, daktari anaona dozi haitoshi, anaongeza. Mgonjwa akirudi nyumbani anaanza kumeza ya zamani na ya nyongeza pamoja, presha inashuka mno, anaona giza akisimama, anaanguka bafuni. Meza kama kawaida isipokuwa umeambiwa vingine na anayekutibu, na ukifika kaa umetulia dakika 5 kabla ya kupimwa, mkono ukiwa wazi, bila kuzungumza.

Sukari ya kufunga ni jambo jingine: hapo unatakiwa ukae bila chakula, chai wala soda kwa muda usiopungua saa nane tangu ulipokula mara ya mwisho. Maji matupu yanaruhusiwa. Anayejidunga insulini aulize mapema afanyeje asubuhi hiyo, kwa sababu kujidunga bila kula kunaweza kushusha sukari hadi akapoteza fahamu njiani.

Hatua ya 2: Sentensi ya kwanza

Salamu ni lazima, na hakuna anayesema ziachwe. Lakini tazama zinavyoweza kuingia kwenye faili:

"Hujambo mama? Unaendeleaje?"
"Sijambo mwanangu, naendelea vizuri, tunamshukuru Mungu."

Kama ni ziara ya marudio na foleni ni ndefu, jibu hilo la adabu linaandikwa kuwa ni maendeleo ya ugonjwa. Miguu imevimba, usiku analala kwa mito mitatu kwa sababu ya kukosa pumzi, na faili linasema anaendelea vizuri. Dawa: ile ile, rudi baada ya mwezi. Basi itikia salamu, kisha vuka: "Tunamshukuru Mungu. Ila kilichonileta leo ni pumzi, usiku siwezi kulala chali."

Jambo zito litangulie. Marekani mwaka 1984 yalichunguzwa mazungumzo 74 ya madaktari na wagonjwa, ikaonekana daktari alimkatiza mgonjwa baada ya sekunde 18 kwa wastani, na ni 17 tu kati ya 74 waliomaliza walichotaka kueleza mwanzoni. Sisi tumezoea kuanzia mbali: kichwa kinagonga kidogo, mwili unachoka, halafu tukishika kitasa cha mlango ndipo tunasema, "Eti daktari, kuna na hiki kiuvimbe kwenye titi." Wakati huo dawa za kichwa zimeshaandikwa na mgonjwa mwingine ameshaitwa. Kama una la aibu na huwezi kulianza, litangaze tu: "Nina mambo mawili. La kwanza ni mgongo, la pili ni la faragha kidogo." Akishajua lipo, atalitafutia nafasi.

Sema dalili, usiseme ugonjwa. Ukiingia na "nina malaria na UTI", umempa tabibu aliyechoka njia ya mkato, na anaweza kuifuata. "Nina kikohozi, hii ni wiki ya tatu, usiku nalowa jasho" ni maneno machache, na yanampeleka moja kwa moja kwenye makohozi: kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinatosha kukufanya upimwe kifua kikuu. Unachokishuku kiseme pia, ila baada ya dalili, na sababu yake: "Naogopa isije ikawa saratani, maana mama alianza hivi hivi." Hofu hiyo usipoitaja, utapewa dawa ya vidonda vya tumbo na kurudi nayo nyumbani kama ulivyokuja.

Hatua ya 3: Eleza maumivu yenyewe

Hapa usione haya kutumia muda. "Tumbo linauma" linaweza kuwa kongosho, figo, mimba iliyotunga nje ya kizazi, au choo kigumu tu. Anza kwa kuonyesha mahali kwa kidole kimoja, siyo kwa kupapasa tumbo zima. Chini ya mbavu za kulia? Kwenye chembe cha moyo? Chini ya kitovu? Kwenye kinena? Maumivu yaliyoanzia kitovuni kisha yakahamia chini upande wa kulia ni habari kubwa. Mtajie daktari safari yake, siyo mahali yalipofikia tu.

Kisha sema yalianza vipi, ghafla au taratibu, na yakoje. Maneno tunayo ya kutosha: yanachoma, yanakata, yanasokota, yanabana, yanavuta, yanapwita, yanawaka moto, yanakuja na kuachia. Usiseme "yanauma sana" tu. Kupimisha maumivu kwa namba toka sifuri hadi kumi kunawasumbua wengi. Badala yake sema yanakuzuia nini. "Nashindwa kuinama kuchota maji" inaeleweka na kila mtu.

Halafu kinachoyaongeza na kinachoyapunguza. Kwa kifua hili ndilo linalotenganisha magonjwa. Kifua kinachobana ukipanda mlima au ngazi na kuachia ukipumzika kinamfanya daktari awaze moyo. Kinachochoma ukivuta pumzi au kukohoa kinamwelekeza kwenye mapafu na ngozi inayoyafunika. Kinachowaka baada ya kula au ukilala chali huwa ni tindikali inayopanda. Wala usidhani maumivu ya chembe cha moyo ni ya tumbo kila mara: shambulio la moyo nalo huweza kusikika hapo, hasa yakija na jasho na kichefuchefu kwa mtu mwenye kisukari au presha.

Kuna dalili nyingine mbili ambazo jina lake moja hubeba mambo mengi. Kizunguzungu: je, nyumba inazunguka hata ukiwa umelala, au unaona giza ukisimama? La kwanza mara nyingi ni la sikio la ndani, la pili ni la presha, damu au maji mwilini. Na homa: je, ulipimwa, au mwili ulikuwa mchovu tu? Kama ulipima kwapani, taja namba na saa uliyopima. Kwa kuhara, hesabu: mara ngapi toka asubuhi, ni maji matupu au kuna damu, na mkojo wa mwisho ulitoka lini. Kwa mtoto mdogo swali hilo la mkojo lina uzito kuliko idadi ya kuhara.

Mjamzito ataulizwa hedhi ya mwisho. Inayotakiwa ni siku ya kwanza damu ilipoonekana. Siyo siku ilipokatika wala mwezi ulioukosa. Tarehe ya kujifungua huhesabiwa siku 280 kuanzia hapo, na ukikosea kwa mwezi mmoja mtoto atahesabiwa amepitiliza wakati bado, au njiti wakati ametimia.

Hatua ya 4: Taja kila kilichopita mdomoni

Daktari anapouliza "umetumia dawa gani?" anamaanisha na ulizonunua duka la dawa muhimu, na za jirani, na za mizizi. Wengi hujibu "sijatumia" wakiogopa kugombezwa. Pengine utagombezwa kweli, na ni heri kugombezwa.

Ukimeza amoksilini siku mbili kabla ya mkojo wako kuoteshwa maabara kutafuta vijidudu, kipimo kinaweza kutoka safi ilhali vipo. Ukiwa umetibiwa malaria ndani ya wiki chache zilizopita, kipimo cha haraka kinaweza kuendelea kuonyesha malaria ingawa umepona, hivyo utapewa dawa tena na homa ya kitu kingine ikaachwa. Diklofenaki ya kila siku kwa ajili ya magoti hupandisha presha, huumiza figo na kuchubua tumbo. Mtu anaongezewa dawa za presha wakati kilichohitajika ni kuacha diklofenaki. Rifampisini iliyomo kwenye dawa za kifua kikuu hupunguza nguvu ya vidonge na vijiti vya uzazi wa mpango, kwa hiyo mwanamke asiyetaja kijiti chake anaweza kushika mimba akiwa katikati ya dozi.

Kuhusu dawa za kienyeji, sema jina kama unalijua, ni mzizi, jani au unga, na unakunywa kiasi gani. Shubiri ikizidi huharisha na kukausha madini mwilini. Dawa za kuongeza uchungu ni za hatari kuliko zote: mjamzito aliyekunywa asipowaambia wakunga, wanaweza kumwongezea dripu ya uchungu juu yake, na kizazi kikapasuka. Msimfiche nesi kwa kumwogopea bibi aliyeitengeneza, mwambieni.

Mzio nao uelezwe kwa kilichotokea. "Nina mzio wa sindano" haitoshi. Ulitokwa na vipele? Midomo ilivimba? Ulikosa pumzi? Au ulitapika tu? Kutapika na kuharisha mara nyingi si mzio, na kuandikiwa mzio usio nao hukunyima dawa nzuri maisha yote. Mwenye mzio wa salfa akumbuke kwamba kotrimoksazoli ni salfa, na kwamba vidonge vya SP wanavyomezeshwa wajawazito kliniki kujikinga na malaria vina salfa pia.

Hatua ya 5: Ya aibu na ya siri

Ukihitaji mlango ufungwe, sema: "Naomba tufunge mlango, daktari." Kama chumbani kuna wanafunzi wa udaktari, una haki ya kuomba watoke. Mwanamke anaweza kuomba apimwe na mwanamke, au nesi awepo. Kwa viungo, "sehemu za siri" ni neno la heshima lakini ni pana mno. Endelea: kidonda kipo nje au ndani, uchafu una rangi gani, mkojo unachoma mwanzoni au mwishoni. Nguvu za kiume zikipungua, usiishie kwa wauzaji wa mitaani. Kwa mwanamume mwenye kisukari au presha hiyo ni dalili ya mishipa ya damu, na daktari wa moyo angependa kuijua. Hali ya VVU nayo itaje kwa anayekutibu. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda usiri wa majibu yako.

Msindikizaji abaki msindikizaji. Mgonjwa aseme kwanza, mwenzake aongeze yale ambayo mgonjwa hawezi kuyajua: alivyokoroma, alivyotetemeka akiwa hana fahamu, degedege lilichukua muda gani na lilianzia mkono upi. Binti wa miaka 16 apewe dakika chache bila mama yake. Bibi asiyejua Kiswahili atafutiwe mtu mzima wa kumtafsiria, siyo mjukuu wa miaka tisa anayeulizwa kuhusu damu ya bibi yake.

Hatua ya 6: Jibu kwa sentensi nzima

Daktari akiuliza, "Hukumeza dawa jana?" nawe ukajibu "Ndiyo", wewe umesema hukumeza. Aliyesomea udaktari kwa Kiingereza, huku akiandika, anaweza kusikia kwamba ulimeza. Epuka mtego kwa kusema yote: "Sikumeza", "Sina mzio", "Sijawahi kufanyiwa upasuaji". Na lolote usilolijua, sema hujui. Jibu la kumridhisha daktari linaingia kwenye faili kama ukweli na litakufuata miaka.

Hatua ya 7: Kabla hujainuka

Uliza haya matatu, ukiwa umekaa: tatizo langu linaitwaje, au mnashuku nini? Hizi dawa kila moja ni ya kazi gani na mwisho wake lini? Nikiona nini nirudi bila kusubiri tarehe? Kisha rudia mwenyewe kwa sauti: "Ngoja nirudie nione kama nimeshika." Utashangaa ni mara ngapi utasahihishwa.

Saa ndizo zinazovuruga zaidi. Chukua dawa mseto ya malaria kwa mtu wa kilo 35 na kuendelea: vidonge 4 kila mara, mara sita kwa siku tatu, jumla 24, vimezwe na chakula, kikiwa na mafuta kidogo ni bora. Dozi ya pili inamezwa saa nane baada ya ya kwanza. Mtu anasikia "saa nane", anameza saa nane mchana. Kama ya kwanza uliimeza saa nne asubuhi, ya pili ni saa kumi na mbili jioni. Ya tatu ni saa nne asubuhi kesho yake, halafu asubuhi na usiku hadi ziishe. Dirishani omba saa ziandikwe kwenye bahasha kwa Kiswahili, na pale panapoandikwa 1x3 uliza maana yake: kidonge kimoja mara tatu kwa siku, siyo vitatu kwa mpigo.

Kwa wanaokaa upande wa pili wa meza

Mwachieni mgonjwa aanze bila kumkatiza. Uswisi mwaka 2002 wagonjwa 335 waliachwa waseme mpaka wanyamaze wenyewe: wastani ulikuwa sekunde 92, na karibu wanane kati ya kumi walimaliza ndani ya dakika mbili. Muda huo upo hata kwenye foleni ya Jumatatu, ukitilia maanani unaopotea kwa kutibu kisicho.

Kijana anayemwamkia mzee "Shikamoo" kabla ya kufungua faili hupewa maelezo ambayo mwenzake hayapati. Swali la "umeelewa?" liacheni, kwa sababu jibu lake huwa "ndiyo" kwa heshima tu. Uliza: "Ukifika nyumbani utamweleza mwenzako dawa hizi zinamezwaje?" Na badala ya "hakuna kingine?", inayoomba jibu la hapana, sema "kingine ulichotaka tuzungumze ni kipi?" huku mkono ukiwa mbali na faili linalofuata.

Majibu ya vipimo yasemwe kwa kitu, siyo kwa "chanya" wala "mazuri". Kuna anayefurahi akiambiwa chanya. Sema "umeonekana una vimelea vya malaria" au "hatukuviona leo, lakini homa bado ina sababu tunayoitafuta". Kwa presha, mgonjwa anayedhani imepanda na sasa imeshuka ataacha dawa siku atakayoona namba nzuri. Aambiwe wazi kwamba namba ni nzuri kwa sababu dawa inaishikilia.

Ukirudi na hujapona

Sema ukweli wa ulivyotumia: umebakiza vidonge vingapi, uliacha siku ya ngapi, na kwa nini. Kama hela ilitosha nusu ya dozi, sema hivyo hivyo. Mara nyingi ipo dawa nyingine ya kazi ile ile kwa bei ndogo, lakini daktari asiyejua kwamba hukununua ataona dawa imeshindwa na kukupandisha kwenye ya ghali zaidi. Ukihamia hospitali nyingine, omba barua ya rufaa na nakala za majibu, na ile picha ya eksirei ya zamani ibebe, hata kama ni ya miaka mitatu iliyopita: doa kwenye pafu lililokuwepo wakati ule bila kukua hushughulikiwa tofauti kabisa na lililotokea mwaka huu.